Mtu wa Safu ya Pili: Namna ya Kupata na Kulea Watoa Habari za Uchunguzi Uganda

Siku COSASE, kamati ya Bunge inayosimamia mashirika ya umma, inapohoji shirika pale Bungeni Kampala, waandishi wengi humkodolea macho mkurugenzi anayejibu maswali. Mtazame aliyekaa nyuma yake. Kwenye safu ya pili huwa kuna watu watatu au wanne wenye mafaili miguuni. Mbunge akiuliza kiasi fulani kililipwa lini, mmoja wao huinama, hufungua faili pale pale panapotakiwa bila kupekuapekua, huchomoa karatasi na kuipitisha mbele. Bosi anasoma alichopewa. Anayejua karatasi ilipo ni huyo wa nyuma, na ndiye unayemtaka.

Wakubwa nao huvujisha habari, tena kwa wingi, ila mara nyingi mkubwa huvujisha ili kummaliza mkubwa mwenzake. Utapewa kipande kimoja tu, kile kinachomfaa. Mtu wa safu ya pili anakwambia uitafute karatasi gani, iliandikwa na nani, na nakala zake zimebaki ofisi zipi. Ukiipata karatasi hiyo kwa njia nyingine, jina lake halihitajiki tena katika habari yako. Kwa mazingira ya Uganda, hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote unayoweza kumpa mtu.

Chora safari ya mali kabla ya kutafuta watu

Kosa la kwanza la mwandishi mgeni ni kuuliza, "Nani anaweza kuniambia?" Anza na swali jingine: kitu hiki kimepita mikononi mwa nani? Chukua mabati. Sakata la mabati ya Karamoja la mwaka 2023, lililowafikisha mawaziri kortini, lilihusu bidhaa iliyonunuliwa kwa fedha za umma, ikahifadhiwa stoo, kisha ikadaiwa kutolewa kwa watu wasiokusudiwa. Wizi wa dawa, mbegu, saruji na vitanda vya hospitali huwa na umbo hilo hilo, kwa hiyo ukiujua mnyororo mmoja umeijua mingi.

Idara huandika ombi. Ofisa ununuzi hutangaza zabuni, mshindi hupewa oda ya ununuzi. Bidhaa ikifika huja na hati ya muuzaji, na mtunza stoo hujaza hati ya kupokea bidhaa, kisha huiandika kwenye leja. Muuzaji huleta ankara, mhasibu hutengeneza vocha ya malipo, ofisa mhasibu mkuu wa taasisi husaini. Wilayani huyo ni CAO, yaani ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, wizarani ni katibu mkuu. Bidhaa ikitoka, hutolewa kwa hati ya kutoa yenye jina la aliyechukua. Gari hupita getini na mlinzi huandika namba zake. Dereva hujaza logibuku ya safari na mafuta. Mwisho wa njia kuna orodha ya waliopokea, yenye saini au alama za vidole gumba.

Kila hatua ina mtu, na kila mtu ameona kipande chake tu. Andika vyeo hivyo kwenye daftari kwa mpangilio, majina baadaye. Halafu jiulize ni kitabu gani hakuna aliyekumbuka kukirekebisha. Aghalabu ni kile cha getini. Leja ya stoo inaweza kuandikwa upya usiku mmoja, lakini mlinzi wa kampuni binafsi anayeandika kwa kalamu ya wino "lori, saa 11:40 jioni, limetoka na mzigo" hana habari na mipango ya ghorofani, na mara nyingi kitabu chake hurudi kwenye kampuni yake kikijaa. Hati ya kupokea bidhaa nayo ina alama zake. Ikiwa idadi zote zinalingana na oda hadi bati la mwisho, tarehe zote ni za siku moja, na mwandiko ni mmoja kwa kalamu moja, huenda iliandikwa mezani kwa mkupuo. Stoo ya kweli huwa na pengo: mabati matatu yamekunjika, mzigo umeletwa kwa awamu mbili, msaidizi amesaini kwa niaba ya aliyekwenda kuzika.

Kati ya watu wote wa mnyororo huo, wengi humsahau mkaguzi wa ndani. Anaandika ripoti kila robo mwaka, anapeleka, haifanyiwi kazi, anaandika tena jambo lile lile. Mtu wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba kuna tatizo. Wengine wa kutafutwa mapema ni waliohamishwa wilaya, waliostaafu, waliofukuzwa na walioshindwa zabuni. Aliyeshindwa zabuni ana kinyongo, hilo lijulikane tangu mwanzo, lakini pia ana bei zote, masharti yote na barua ya kukataliwa, na amezisoma mara nyingi kuliko utakavyozisoma wewe.

Kalenda ya kuotesha watoa habari

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Fedha isiyotumika hadi siku hiyo hurudi Mfuko Mkuu, kwa hiyo Mei na Juni ofisi hulipa haraka haraka: semina zinazotokea ghafla, matairi, kazi zinazoidhinishwa kuwa zimekamilika huku msingi bado haujakauka. Huo ndio wakati wa kwenda kutazama maeneo ya ujenzi na kupiga picha zenye tarehe. Usiulize mtu yeyote jambo zito miezi hiyo. Hana muda na ana hofu.

Baada ya Julai wakaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzunguka wilayani na wizarani. Ripoti yake hufika Bungeni kabla ya Desemba 31, na hapo ndipo mwandishi mwenye subira anapata ramani ya bure. Usiishie kwenye muhtasari ambao magazeti yote yatauchapa. Fungua kiambatisho cha taasisi yako, chukua hoja moja ndogo yenye kiasi, tarehe na jina la mradi, kisha andika vyeo vyote ambavyo lazima vilishika karatasi hiyo. Miezi inayofuata, kamati za Bunge zitawaita watu hao. Kaa kikao chote hata kama habari yako ya siku umeshaituma. Andika nani alikaa safu ya pili, alivaa beji ya idara gani, alipitisha karatasi gani. Usimfuate ukumbini. Wakubwa wake wako pale pale, na wanakuona.

Milango mingine ya karatasi iko wazi kwa yeyote. Faili la kampuni liko URSB, ofisi ya msajili wa kampuni: wakurugenzi, wenye hisa, anwani. Ofisi za ardhi za kanda hutoa taarifa ya umiliki ukiwa na namba ya bloku na ploti. Gazeti Rasmi la Serikali hutangaza hatimiliki zilizodaiwa kupotea, na huko hugunduliwa mengi. Hukumu ziko kwenye tovuti ya ULII. Ila hazina iliyosahaulika ni kesi za wafanyabiashara waliogombana. Washirika wawili wakishtakiana, huambatisha mikataba, risiti na barua pepe ambazo wasingekuonyesha hata kwa dawa, na waliotajwa kwenye viapo vyao ni orodha ya watu wa kuongea nao.

Kumfikia mara ya kwanza

Usipige simu ya mezani ya ofisi yake, usimwandikie kwenye barua pepe ya kazi, na usianze na kashfa. Mwache apumue wiki tatu tangu kikao. Kisha mfikie kupitia mtu anayemwamini au uende mwenyewe mahali asipokuwa chini ya macho ya bosi, na uanze na swali la kazi, si la tukio. Maneno yawe mepesi:

"Habari za leo, mzee. Mimi ni mwandishi wa gazeti fulani, jina langu ni fulani. Naandika kuhusu jinsi wilaya zinavyotunza vifaa. Sikuulizi jambo la ofisi yako. Nataka tu kuelewa: leja ya stoo husawazishwa mara ngapi kwa mwaka, na nani husimamia?"

Watu wachache sana hukataa kueleza kazi yao kwa mtu anayesikiliza kweli. Mtunza stoo hajaulizwa swali hilo kwa heshima tangu aajiriwe. Sikiliza, andika, shukuru, ondoka. Mara ya pili mpelekee ulichoandika, au muulize kama umeelewa sawa. Mpaka ufike kwenye swali lenye uzito, mmeshakutana au kuongea mara tatu nne, na miezi miwili imepita. Anayesema hana miezi miwili basi aanze leo na watu wa habari ya mwakani, maana anayeonekana mara ya kwanza siku ya shida hupewa majibu ya msemaji wa taasisi.

Tarajia kupimwa. Atakwambia jambo dogo la siri, lisilo na madhara, kisha atulie aone kama litarudi masikioni mwake. Lisipitie hata kwa mwandishi mwenzako kwenye chai.

Jitambulishe kwa ukweli. Usijifanye mkaguzi, ofisa wa usalama au mtu wa NGO. Kujifanya ofisa wa serikali ni kosa la jinai likikamatika, na hata lisipokamatika litakufuata siku mtu huyo atakapoona jina lako gazetini. Kijijini, mgeni anayepita nyumba kwa nyumba bila kumwona mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, huzua maneno kabla ya saa sita mchana. Mwone, mwambie mada kwa upana ulio wa kweli: "Tunaangalia jinsi fedha za PDM zilivyofika kwa watu." PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ulizinduliwa Februari 2022, kila parishi ikitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka na kaya ikikopeshwa hadi milioni moja kupitia SACCO, kwa hiyo hakuna wa kushangaa ukiuliza. Usimwambie umekuja kumtafuta nani. Kisha zungumza na watu wengi, hata wasiokuhusu, ili yule mmoja asijulikane miongoni mwao.

Lugha nayo ni mlango, na Uganda Kiswahili hufungua baadhi ya milango na kufunga mingine. Kwenye kambi za jeshi, kwenye kituo cha polisi, kwa madereva wa malori mipakani Malaba, Busia na Elegu, kwa wafanyabiashara wa Arua, kwa wakimbizi Wakongomani wa Nakivale na Kyangwali, kuanza kwa Kiswahili kunakupunguzia nusu ya safari. "Afande, za kazi?" ina uzito wake. Lakini ukimwamkia kwa Kiswahili mzee wa Buganda usiyemjua, unaweza kumkumbusha askari waliotumia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya sabini, na akahisi umetumwa na usalama. Huko anza kwa Luganda, hata kibovu. Upande wa mafuta ghafi Kiswahili ni mtaji mtupu: bomba la EACOP la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na fundi aliyefanya kazi ng'ambo ya Mutukula anaweza kukusimulia kwa utulivu mambo ambayo mwenzake wa upande huu angeogopa kuyagusa.

Makubaliano kabla ya maneno

Kuna ngazi tatu, na zisemwe kwa maneno ya kawaida kabla hajafungua mdomo, maana kila mwandishi ana tafsiri yake ya istilahi za kizungu. Ya kwanza: "Unaweza kuandika na kunitaja." Ya pili: "Andika, ila usinitaje, tuelewane utaniitaje." Ya tatu: "Usiandike kabisa, nakuonyesha njia tu." Kwenye ngazi ya pili, achague yeye mwenyewe maneno ya kumtambulisha. "Ofisa wa wilaya" ni salama pale penye maofisa wengi. "Ofisa wa idara ya stoo" pale stoo ina watu wawili ni sawa na kuchapisha picha yake. Mwisho wa mazungumzo rudia mlichokubaliana. Mtu akishasema kisha akaomba isiandikwe, huna deni kisheria, ila kama ni mtu wa kawaida asiyezoea waandishi, mpe. Waziri hana udhuru huo.

Usiseme, "Hakuna atakayejua." Huwezi kuahidi hilo. Sema ulicho na uwezo nacho: "Sitakutaja mimi, na gazetini atakayejua ni mhariri mmoja." Mhariri huyo akubali kwanza, kwa sababu ahadi uliyompa mtu peke yako inaweza kuvunjwa na mwenye gazeti.

Kisha uliza swali linaloepusha balaa nyingi: "Karatasi hii imeonwa na watu wangapi?" Wakiwa watatu, usiichape hata kama ni moto. Subiri ipite kwa wakaguzi, iende kwenye kamati, isambazwe kwa wakuu wa idara, iwe imeonwa na watu ishirini. Na usichape picha ya karatasi yenyewe. Nakala za ofisi mara nyingine hutofautiana kwa makusudi: koma moja, nafasi kati ya maneno, doa la mashine ya fotokopi, herufi za mwanzo za aliyepokea pembeni. Andika yaliyomo kwa maneno yako. Picha ya simu nayo hubeba muda, aina ya simu na pengine mahali ilipopigiwa. Ukiituma kama faili, hayo yote huenda nayo.

Muulize pia anataka nini. Hasira, kisasi, imani, kupandishwa cheo, yote ni majibu halali. Nia mbaya haifanyi vocha iwe ya uongo. Inakwambia tu ni upande gani hajakuonyesha.

Njia ya pili

Ukishajua karatasi ipo, itafute kwa mlango mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka za chombo cha serikali. Unajaza fomu kwa ofisa habari wa taasisi, ambaye kisheria ndiye mtendaji mkuu wake, na unalipa ada ya shilingi 20,000. Ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, ukimya huo huhesabika kuwa ni kukataa, na malalamiko hupelekwa kwa Hakimu Mkuu. Kumbukumbu za Baraza la Mawaziri na za kesi ambayo haijaisha hazimo.

Wengi huharibu hapa kwa kuomba "vocha namba fulani ya Machi 14". Ofisi nzima itajiuliza nani amekwambia kuna vocha hiyo. Omba vocha zote za matengenezo ya magari kwa robo ya tatu, pamoja na leja za stoo za nusu mwaka, kwa idara mbili au tatu. Karatasi yako imo humo ndani. Na usipeleke ombi mapema mno. Ombi ni kengele, na faili linaweza kupotea kabla siku 21 hazijaisha, kwa hiyo kwanza uwe na nakala au maelezo kamili mahali salama.

Ukiletewa nyaraka, itilie shaka kabla ya kuipenda. Omba faili zima badala ya ukurasa mmoja. Namba za vocha ziende kwa mfuatano na tarehe. Aliyesaini awe kweli alishika cheo hicho siku hiyo. Maofisa huhamishwa mara kwa mara, na waghushi husahau. Majina ya mahali yana hila zaidi. Gulu, Arua, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal zilianza kuwa majiji Julai 1, 2020. Barua ya Machi 2019 yenye muhuri wa Jiji la Gulu imeghushiwa au imerudishwa nyuma tarehe, na ikiwa muhuri ni halisi na saini ni halisi, kurudisha nyuma tarehe huko ndiko habari yenyewe.

Kuhusu watu wawili wanaothibitisha jambo moja, muulize kila mmoja amelijuaje. Mhasibu aliyeambiwa na dereva, na dereva mwenyewe, ni mtu mmoja. Kwenye daftari weka alama mbele ya kila dai: ameona, amesikia, ameshika karatasi. Ukiona ukurasa mzima umejaa "amesikia", bado huna kitu.

Simu, barabara, pesa

Laini za simu za raia Uganda zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na sheria ya 2010 ya kunasa mawasiliano inaruhusu usikilizaji kwa kibali cha jaji. Lakini hatari ya kila siku si mtu kusikiliza maneno yenu. Ni orodha ya simu: nani alimpigia nani, saa ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Orodha hiyo haisimbwi na programu yoyote ukitumia simu ya kawaida. Kwa hiyo tangu mwanzo ongeeni kwa Signal, yenye jina la mtumiaji badala ya namba na ujumbe unaojifuta. WhatsApp inafaa kwa salamu. Hakikisha nakala zake za akiba hazipandi kwenye mtandao bila kusimbwa. Laini ya mtaani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine haikufichi, inamwingiza asiyehusika kwenye kesi. Na panga mapema mtakavyokutana intaneti ikikatwa, kama ilivyokatwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021: siku fulani, mahali fulani, bila kupigiana.

Mkutano mzuri hauna simu zenu kabisa. Ziacheni nyumbani zikiwa zimewashwa. Simu mbili zinazozimika kwa pamoja saa nane na kuwaka pamoja saa kumi zinasimulia hadithi. Usiende kwa bodaboda ya programu, kwani huhifadhi ulikotoka na ulikoshukia. Panda taksi ya abiria, yaani basi dogo, au boda ya stejini ulipe taslimu, na ushuke mbali kidogo. Barabara za Kampala zina kamera za polisi na gari lako lina namba. Mahali achague yeye, pawe panapompa sababu ya kuwepo: hospitali anakotibiwa mama yake, soko analonunua, kanisa au msikiti wake. Hoteli za katikati ya jiji wanakokunywa kahawa wakubwa ziache. Mazishini utawaona watu wengi wa ofisi moja wakiwa wametulia. Salimia, toa pole, usiulize kitu.

Pesa: usilipe habari. Aliyelipwa mara moja ataleta tena, na ikikosekana atatunga. Chai na chapati lipa wewe. Nauli ya mtu aliyetoka mbali irudishe taslimu, kwa kiasi cha nauli kweli kweli. Usitume kwa simu, kwa sababu jina lako litatokea kwenye simu yake, lake kwenye yako, na yote mawili kwenye kumbukumbu za kampuni. Upande wa pili wa shilingi ni ile bahasha iitwayo nauli inayogawiwa waandishi baada ya semina. Mtu wa safu ya pili yumo ukumbini na anaona nani ameweka saini ya kuipokea. Pengine ni yeye aliyeandaa orodha.

Sheria ambazo lazima umweleze

Mtoa habari wako afanye uamuzi akijua haya. Sheria ya Kuwalinda Wafichuaji ya 2010 inamlinda anayetoa taarifa kwa mwajiri wake au kwa vyombo vilivyotajwa humo: IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali, anayechunguza rushwa), Mkurugenzi wa Mashtaka, Tume ya Haki za Binadamu, polisi, Bunge, ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani) na vingine vichache. Mwandishi wa habari hayumo. Akikuletea wewe peke yako, kinga hiyo hana. Anaweza kupeleka kwanza kwa IGG, ambako sheria hata inaahidi asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa, kisha wewe ukafuatilia suala hilo kivyako. Watumishi wengi wa umma pia wamekula kiapo cha usiri, na Sheria ya Siri za Serikali bado ipo.

Wewe mwenyewe, kwa Sheria ya Habari na Waandishi, hulazimishwi kutaja chanzo isipokuwa kwa ridhaa yake au amri ya mahakama. Hiyo "amri ya mahakama" si maneno ya pambo. Mei 2013 polisi walifunga ofisi za Daily Monitor kwa siku kumi hivi wakisaka barua iliyohusishwa na Jenerali David Sejusa, aliyekuwa mratibu wa idara za ujasusi, na kulikuwa na amri ya mahakama. Kinachotafutwa kwenye upekuzi ni karatasi, kompyuta na simu. Kwa hiyo usiweke nakala halisi chumba cha habari. Kwenye daftari tumia majina ya bandia, na ufunguo wake ubaki kichwani au nje ya nyumba na ofisi. Funga simu kwa namba ndefu, si kwa kidole. Kidole huwekwa kwa nguvu. Namba ya wakili iwe kichwani pia, na ya shirika linalosaidia waandishi waliokamatwa, kama HRNJ-Uganda.

Baada ya kuchapa

Siku habari inapotoka usimpigie, usimtumie kiungo, usimpe hongera. Hiyo ndiyo siku ofisi yake inasaka msaliti. Kubalianeni mapema muda wa ukimya, wiki mbili au zaidi, na sentensi atakayoijibu akiulizwa. Naye aendelee kulalamika kuhusu waandishi kama wenzake wanavyolalamika.

Ukimya ukiisha, rudi, na usirudi na swali. Mwambie kilichobadilika na kisichobadilika. Kama ulikosea jambo alilokueleza sawasawa, kiri na usahihishe gazetini, hata kama ni jina la kijiji. Msalimie Idi au Krismasi, mpe pole akifiwa, pita bila daftari. Wanaokumbukwa tu wakati wa shida hujua, na huacha kupokea simu. Lakini usiwe rafiki wa kusimamia ubatizo wa mtoto wake wala wa kukopeshana ada. Mwambie mapema, kwa upole, kwamba siku karatasi zikimwonyesha yeye, utaandika. Wengine hubadilika rangi ukisema hivyo. Ni vizuri uione rangi hiyo mapema.

Ukihama gazeti au ukahamishwa dawati, mhariri atakuomba namba za watu wako umpe anayekuja. Usimpe. Mwulize kwanza kila mmoja kama yuko tayari, mmoja mmoja, ana kwa ana. Atakayesema hapana, futa namba yake kwenye simu ya ofisi na uondoke naye.